Mkataba usio na polisi unafikaje kwenye mtungi wa gesi wa fundi wa Mwanza?

SWALI: Mimi ni fundi friji na AC hapa Mwanza. Tangu nianze kazi naambiwa gesi hii imekatazwa, chukua ile, na kila mara sababu inayotajwa ni mkataba wa kimataifa. Ilianza R12. Sasa R22 imepanda bei mpaka wateja wananiona mwizi, na nasikia hata R134a tuliyoambiwa ndiyo salama nayo iko njiani kuondoka. Naomba kuelewa: mikataba hii inazisaidiaje nchi kushirikiana kulinda mazingira wakati dunia haina polisi? Je, mzigo si unatuangukia sisi wadogo? Na nishauri kama ninunue mashine ya kunyonya gesi au ni kupoteza pesa.

JIBU: Ndugu yangu fundi, mkataba unaokusumbua unaitwa Itifaki ya Montreal. Ulikubaliwa Kanada tarehe 16 Septemba 1987 na ukaanza kufanya kazi tarehe 1 Januari 1989. Katika mikataba yote ya mazingira ninayoifuatilia, huu ndio ninaoweza kuutetea mbele ya mtu yeyote, na ukishaona unavyofanya kazi utaona pia kwa nini mingine inasuasua.

R12 na wenzake wa jamii ya CFC walipokelewa kama gesi za baraka: haziwaki, hazinuki, hazina sumu, friji ikijazwa inatulia miaka. Mwaka 1974 wanasayansi wawili waliokuwa California, Mario Molina na Sherwood Rowland, walieleza kwamba uimara huohuo ndio ubaya wake. Zikivuja hazivunjiki huku chini. Hupanda taratibu hadi kwenye tabaka la ozoni, na huko mionzi mikali ya jua huzivunja na kuachia klorini, ambayo atomi yake moja huweza kuharibu maelfu ya molekuli za ozoni. Ozoni ndiyo inayotuchujia mionzi ya urujuanimno. Ikipungua, saratani ya ngozi na mtoto wa jicho huongezeka. Mei 1985 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba juu ya Antaktika ozoni ilikuwa ikipungua vibaya kila majira ya machipuko ya kule. Watu wakaingiwa na hofu ya kweli.

Sasa tazama ugumu wake. Gesi iliyovuja Mwanza na iliyovuja Chicago zinaishia angani kulekule. Nchi ikiacha peke yake, viwanda vyake vinapata hasara, jirani anaendelea kuuza, na ozoni inaharibika vilevile. Kila serikali ina sababu nzuri ya kusema tangulia wewe. Kazi ya mkataba ni kuhakikisha anayejinyima hajinyimi bure.

Itifaki yenyewe haikubani wewe. Inaibana nchi, na inachokihesabu ni kiasi kilichozalishwa nchini, jumlisha kilichoingizwa, toa kilichopelekwa nje. Basi. Afrika Mashariki hatuna kiwanda cha kutengeneza gesi hizi, kwa hiyo hesabu yetu yote iko bandarini na mipakani. Mwagizaji anayeleta kontena la mitungi Dar es Salaam anatakiwa awe na kibali, na kibali kinatolewa ndani ya mgao wa nchi wa mwaka ule. Tanzania na Kenya zote zilitunga kanuni za kusimamia kemikali hizi mwaka 2007. Na tangu marekebisho ya 1997, nchi inayouza nje nayo lazima iwe na utaratibu wa leseni. Kila mwaka kila mwanachama anapeleka takwimu zake kwenye sekretarieti ya ozoni, ambayo iko Gigiri, Nairobi, ndani ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Kama nchi moja imeandika imetuuzia kiasi fulani na sisi tumeandika kidogo kuliko hicho, kuna mtu atatuandikia kuuliza. Inaonekana kazi ya makarani, lakini ndipo nchi zinapoanza kuaminiana. Hakuna anayelazimika kumwamini mwenzake kwa maneno.

Ulisema dunia haina polisi. Kweli haina. Itifaki hii iliweka badala yake kitu ambacho wafanyabiashara wanakiogopa zaidi: wanachama hawaruhusiwi kufanya biashara ya kemikali hizi na nchi isiyo mwanachama. Ukifikiria kikoba cha mtaani kwenu utaelewa haraka. Asiyeweka hisa hakopeshwi, na akijua mkopo haupatikani kwingine kokote, ataingia mwenyewe bila kushikwa mkono. Mwaka 1987 zilisaini nchi 24 pamoja na Jumuiya ya Ulaya. Kenya na Uganda ziliridhia 1988, Tanzania 1993. Kufikia Septemba 2009 kila nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa ilikuwa imeridhia, ya mwisho ikiwa Timor ya Mashariki. Kiwango cha namna hiyo hakikuwa kimewahi kufikiwa na mkataba mwingine wowote wa Umoja wa Mataifa.

Fimbo peke yake isingetosha, kwa sababu nchi kubwa maskini zilikuwa na hoja yenye nguvu. India na China zilikaa nje mwanzoni. Hoja yao ilikuwa rahisi: nyie mmejaza anga kwa miaka hamsini, sasa watu wetu ndio kwanza wanaanza kununua friji, halafu mnataka tuache? Aliyelisimamia zogo hilo alikuwa Mmisri, Mostafa Tolba, mkuu wa UNEP kuanzia 1975 hadi 1992, mtu mwenye sifa ya kuwafungia mawaziri wachache chumba kidogo mpaka waelewane. Mkutano wa London wa 1990 ukaanzisha mfuko maalumu ambao nchi tajiri zinachangia na nchi zinazoendelea zinalipiwa gharama za kubadilika. Bodi yake ina viti 14: saba vya nchi zinazoendelea na saba vya wachangiaji. Mpaka leo zimechangwa zaidi ya dola bilioni 4, na mkutano wa Nairobi wa Oktoba 2023 uliafiki dola milioni 965 kwa miaka 2024 hadi 2026. Baada ya mfuko huo kupatikana, China na India ziliingia.

Kuna jambo jingine ambalo hutalisikia sana, na kwangu mimi ndilo la akili kuliko yote. Makubaliano ya 1987 yalikuwa dhaifu. Yalitaka CFC zipunguzwe kwa nusu tu kuelekea mwisho wa miaka ya 1990. Lakini waandishi wake waliweka mlango: kwa kemikali ambayo tayari imo kwenye orodha, wanachama wakikutana wanaweza kukaza ratiba, na uamuzi huo unazibana nchi zote bila kila bunge kuridhia upya. Ni kwa kuingiza kemikali mpya tu ndipo uridhiaji unapohitajika. Wataalamu wa sayansi na wa teknolojia wanatoa tathmini angalau kila miaka minne, na ratiba inafuata ushahidi. London 1990 wakasema CFC ziishe kabisa ifikapo 2000. Copenhagen 1992 wakauwahisha mwisho huo uwe mwanzo wa 1996 kwa nchi tajiri. Orodha ilianza na kemikali nane na sasa ina karibu 100, ikiwemo methili bromidi iliyokuwa ikifukizwa kwenye udongo wa mashamba ya maua huko Naivasha. Laiti wangengoja wapate mkataba kamili ndipo wasaini, huenda mpaka leo tungekuwa tunajaza R12.

Je, wanaovunja hufanywa nini? Urusi ilishindwa kufuata ratiba mwaka 1996, uchumi wake ukiwa umeanguka. Hakuna aliyeipelekea majeshi. Ilizuiwa kuuza CFC ovyo nje, ikapewa fedha za kufunga viwanda, na mwishoni mwa 2000 uzalishaji ukakoma. Kisa cha pili ni cha karibuni. Mwaka 2018 watafiti wa anga walitangaza kwamba R11, gesi nyingine ya CFC ambayo uzalishaji wake ulipaswa kuwa umekwisha tangu 2010, ilikuwa ikiachiwa angani kwa wingi zaidi tangu kama 2012. Nchi zote ziliripoti sifuri. Vituo vya kupima hewa vya Gosan, Korea Kusini, na Hateruma, Japani, vilisaidia kufuatilia upepo ulikotoka, na mwaka 2019 ikaonekana kwamba sehemu kubwa ya ongezeko ilitoka mashariki mwa China, hasa mikoa ya Shandong na Hebei, ambako viwanda vilikuwa vikiitumia kutengenezea povu la kuhami joto. Serikali ya China ikafanya misako, na kufikia 2021 tafiti zilionyesha uchafuzi umeshuka sana. Hapo utaona kwamba ripoti zinaweza kudanganya, lakini anga linapimika.

Matokeo? Karibu asilimia 99 ya kemikali zilizolengwa zimeondolewa. Tathmini iliyotolewa Januari 2023 inasema ozoni itarudi katika hali ya 1980 kufikia takriban 2040 kwa sehemu kubwa ya dunia, na karibu 2066 juu ya Antaktika.

Turudi kwenye R22 yako. R22 ni ya jamii ya HCFC, ambayo inaharibu ozoni kidogo kuliko R12 lakini inaharibu. Kwa nchi zinazoendelea, kiwango cha msingi kilikuwa wastani wa 2009 na 2010. Mwaka 2013 kiliganda, 2015 kikakatwa asilimia 10, 2020 asilimia 35, na tangu 2025 kimekatwa asilimia 67.5. Mwaka 2030 unabaki ujazo mdogo mno wa matengenezo, wastani wa asilimia 2.5, hadi 2040. Kwa hiyo aliyekwambia R22 imepigwa marufuku amekosea, na aliyekwambia hakuna kilichobadilika naye amekosea. Mashine ya mteja iliyojaa R22 ni halali na unaweza kuendelea kuihudumia. Kinachopungua ni gesi mpya inayoingia nchini, na bei unayolalamikia inatokana na huko kupungua. Mwonyeshe mteja ratiba hiyo. Ni bora ajue mapema kwamba AC yake ya zamani inazidi kuwa ghali kutunza kuliko akuone wewe mwizi.

Kuhusu mzigo, kwa ngazi ya nchi siwezi kukubaliana nawe sana. Nchi inayoendelea iliyotumia chini ya kilo 0.3 za CFC kwa kila mtu kwa mwaka ilipewa nyongeza ya miaka kumi au zaidi: matajiri waliacha CFC 1996, sisi 2010, wao HCFC 2020, sisi 2030. Lakini kwa ngazi ya kibanda chako una haki ya kunung'unika. Pesa za mfuko hupita serikalini na kwenye mashirika, huishia kwenye semina, vyuo vya ufundi na vifaa vya forodha, na fundi aliyejifunzia kazi mtaani kwa bosi wake mara nyingi hapati hata barua ya mwaliko. Nimekaa kwenye semina za aina hiyo ambazo waliovaa suti walikuwa wengi kuliko wenye geji. Dawa ninayoijua ni mafundi kuwa na chama kilichosajiliwa, kwa sababu miradi hutafuta chama cha kushirikiana nacho. Mtu mmojammoja hawamwoni.

R134a ni habari nyingine. Hiyo haigusi ozoni, na ndiyo maana iliruhusiwa kuchukua nafasi ya R12. Tatizo lake ni joto. Kilo moja ya R134a ikivuja inapasha dunia joto sawa na kilo kama 1,430 za kaboni dayoksaidi. Friji ya nyumbani yenye gramu 120, ukifungua bomba na kuiacha ipulize hewani kama wengi tunavyofanya, ni sawa na kilo zaidi ya 170 za kaboni dayoksaidi kwa sekunde chache. R410A ya AC ni mbaya zaidi, kama 2,088 kwa kilo, na R404A ya vyumba vya baridi inazidi 3,900. Kwa kuwa ni mkataba wa ozoni uliozisambaza gesi hizi, nchi ziliona ni juu yao kuziondoa kwa mkataba uleule. Tarehe 15 Oktoba 2016, baada ya usiku mzima wa mabishano, yakakubaliwa Marekebisho ya Kigali. Yakitekelezwa yanatarajiwa kuepusha hadi nusu digrii ya ongezeko la joto ifikapo mwisho wa karne.

Ratiba yetu ya Afrika: kiwango kiligandishwa 2024, kinakatwa asilimia 10 mwaka 2029, 30 mwaka 2035, 50 mwaka 2040 na 80 mwaka 2045. India, Pakistani na nchi za Ghuba, Oman ikiwemo, zitaanza kugandisha 2028. Usidhani Afrika ilidhulumiwa hapo. Nchi zetu nyingi zilitaka ratiba ya mapema, na sababu mojawapo ni kuogopa kugeuzwa jalala la mashine ambazo kwingine hazitakiwi. Unazifahamu friji na AC za mtumba zinazopitia Dubai. Ghana iliona mbali, ikapiga marufuku friji za mtumba mwaka 2013. Kuanzia 2033 biashara ya gesi hizi na nchi isiyoridhia Kigali nayo itafungwa. R134a, kwa hiyo, haiondoki kesho. Una miaka ya kutosha kujifunza R600a (isobutani) na R290 (propani), na R32 tayari imo kwenye AC nyingi mpya za ukutani.

Nisije nikakupa picha kwamba kila mkataba uko hivi. Mwaka 1989 Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kutaka CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ifunge biashara ya pembe za ndovu, Kenya ikachoma tani 12 mwezi Julai, na mwaka 1990 biashara ikafungwa. Tembo walipata nafuu. Lakini CITES haina mfuko wa kulipa askari wa wanyamapori, soko la ndani la China liliachwa wazi hadi mwisho wa 2017, na sensa ya 2013 ikakuta Selous imebaki na tembo kama 13,000 ambako miaka ya 1970 walikadiriwa kuzidi 100,000. Mkataba wa Paris wa 2015 wa mabadiliko ya tabianchi nao kila nchi inajipangia lengo, na anayejitoa hafungiwi biashara yoyote. Marekani imetoka, ikarudi, na Januari 2025 ikatangaza kutoka tena. Ni haki kusema pia kwamba ozoni ilikuwa kesi nyepesi. Watengenezaji wa CFC walikuwa wachache, mbadala ulipatikana, na kampuni zilezile ziliona zitauza huo mbadala. Makaa ya mawe na mafuta hayana urahisi huo.

Sasa mashine ya kunyonya gesi. Kumbuka hesabu niliyokueleza: Itifaki inahesabu gesi mpya. Gesi unayoinyonya kutoka kwenye AC inayotupwa na kuirudisha kwenye nyingine haimo kwenye mgao wowote. Kadiri mgao unavyobana, ndivyo gesi hiyo inavyogeuka mali. Kama kazi zako nyingi ni friji za nyumbani zenye gramu mia moja na kitu, mashine itachukua muda mrefu kurudisha pesa yake. Nunueni kwa pamoja mafundi watatu au wanne. Kama unapata kazi za hoteli, supamaketi au vyumba vya baridi vya samaki, ambavyo kimoja kinaweza kubeba makumi ya kilo, nunua yako.

Ukinunua, kila gesi iwe na mtungi wake ulioandikwa, kwa sababu R22 iliyochanganyika na R134a hakuna fundi atakayeweza kuitenganisha kibandani. Tumia mitungi iliyotengenezwa kujazwa tena, usijaze ile ya kutupwa, na usipite asilimia 80 ya ujazo. Gesi ya kompresa iliyoungua ina asidi na maji. Ipitishe kwenye kichujio kabla ya kuitia kwenye mashine nyingine, la sivyo utaua kompresa ya pili.

Na jihadhari na mitungi ya bei ya kutupa. Mgao ukibana, gesi bandia huzagaa. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka huko Vietnam, Brazili na China na kuua watu watatu. Yalikuwa yamejazwa gesi iliyouzwa kama R134a, ndani kumbe mna R40, ambayo ikigusana na aluminiamu ya kompresa hutengeneza kitu kinachowaka chenyewe kikikutana na hewa. Kabla hujajaza, linganisha presha ya mtungi na joto la siku hiyo kwenye jedwali la gesi husika. Isipolingana, mrudishie muuzaji. Vilevile usikubali ushauri wa kutia R290 kwenye AC iliyotengenezwa kwa R22 ati kwa kuwa inapooza vizuri. Inapooza kweli, lakini ile ni propani, na swichi na viunganishi vya umeme vya mashine ile havikuundwa kwa gesi inayoshika moto. Hata unyonyaji wa R290 na R600a unahitaji mashine iliyoidhinishwa kwa gesi zinazowaka, kwa hiyo muulize muuzaji swali hilo kabla hujatoa hela.